Washa za Risasi Nilizoziweka Mlabani

Juzi kijana mmoja fundi bomba alitoka kwenye duka la vifaa hapa Mlabani na koki mkononi, imepakwa rangi ya fedha, inang'aa. Mimi nilikuwa kwenye benchi langu nje ya duka. Akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba, akaniuliza, "Mzee Beno, hii unaionaje?"

"Wewe umeichagulia nini?"

"Si unaona inavyong'aa, mzee!"

Nikacheka mpaka nikakohoa. Kung'aa! Koki utaifunga jikoni au utakwenda nayo harusini? Nikamwambia aipime kwa mkono kwanza. Ilikuwa nyepesi kama kopo tupu. Nikamwambia airudishe, akarudisha, ila alininunia kidogo.

Basi nyie vijana mnaoshika spana leo, nisikilizeni mara moja. Kila mmoja ananiuliza kipande kipande akipita na bodaboda yake, namjibu nusu, anaondoka. Leo nasema yote. Na nitasema ukweli mwingine pia: pale kwenye benchi sikai kwa sababu napenda jua. Nakaa kwa sababu nyumbani hakuna wa kuongea naye.

Tuanze na valvu. Ile ya geti, yenye gurudumu la kuzungusha, iweke pale maji yanapoingilia kiwanja. Hiyo ni ya kufungua yote au kufunga yote. Mkiiacha nusu, ulimi wake unatetemeka ndani, unaliwa, siku mkitaka kufunga haifungi. Ile ya mpini, boli valvu, ni ya kufunga haraka, nzuri chini ya tanki. Lakini ifungeni polepole. Ukiifunga kwa pupa maji yanagonga bomba, du! Ukuta mzima unalia, na mama mwenye nyumba anakuja kukuuliza umevunja nini. Na kila valvu yenye mshale ubavuni, fuateni mshale.

Huo mshale ulinitia aibu mimi. Enzi hizo nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kazi, nikamfungia stop koki mfanyabiashara mmoja wa mpunga. Nikafungua, maji hayaji. Nikasema bomba limeziba. Nikachimba ua wake wote, kuanzia getini mpaka jikoni, mtaro ungeweza kufugia kambale. Maji hayaji. Akaitwa mwalimu wangu wa kazi, mzee Landelini, Mpogoro mmoja mwembamba aliyekuwa anatembea na baiskeli na kofia ya pama. Akashuka, akainama, akaitazama ile koki, akaniuliza, "Beno, umesoma?"

"Nimemaliza la saba, mzee."

"Mshale je, umeusoma?"

Ulikuwa unatazama barabarani. Nilikuwa nimeyafungia maji mlango yasiingie. Mzee Landelini hakunifokea. Alinipa koleo nifukie mtaro peke yangu, yeye akakaa kivulini na mwenye nyumba wanakunywa chai. Kila nikiinua kichwa namwona ananitazama na kikombe chake. Mpaka leo sijawahi kusahau mshale.

Huyo mzee alinifundisha kukata nyuzi kwa dai, kile chuma cha kuchongea mistari ya kukazia, bila kuharibu bomba, alinifundisha kufunga katani kwenye kiungo kwa kufuata mzunguko wa kukazia. Alikuwa anailowesha katani kwa kuipitisha mdomoni, kama mama anayetaka kutia uzi kwenye sindano. Na alikuwa na sheria moja. Alisema, "Usiweke kwenye bomba la watu kitu ambacho wewe mwenyewe huwezi kukiweka mdomoni." Tulikuwa tunaicheka. Lakini ilikuwa sheria nzuri, na mimi niliifuata. Ndiyo iliyonipoteza.

Mnajua maji yetu haya yana mchanga. Ukifunga koki, ule mchanga unakaa juu ya washa, ile raba ya mviringo ndani ya koki inayozuia maji, unaikata kidogo kidogo. Baada ya miezi koki inaanza kudondosha. Ti, ti, ti. Siku zile raba nzuri hazikupatikana hapa. Tulikata washa kwenye kandambili, kwenye tairi za ndani za baiskeli, hata kwenye mkanda wa marehemu mjomba wangu. Zote zilikuwa za muda. Unarudi kwa mteja mpaka mbwa wake anakuzoea.

Baba yangu alikuwa mvuvi. Mndamba halisi, mtu wa mtoni. Nyavu zake zilizamishwa kwa vipande vya risasi. Nasema risasi ile madini, ya kijivu, laini, nzito. Walikuwa wanaokota betri mbovu za magari, wanazivunja, wanayeyusha yale mabamba kwenye sufuria kuukuu nyuma ya nyumba, wanamimina kwenye mchanga. Kila kipande kikipoa baba anakikunja kwenye kamba ya wavu, halafu anakibana kwa meno. Utoto wangu wote nilimwona na vile vipande mdomoni, anaongea navyo, anacheka navyo.

Siku moja nilikuwa nimeshika kipande kimoja, nikakigonga kwa nyundo. Kikalainika kama ugali wa jana. Nikakitoboa katikati, nikakitia kwenye koki badala ya raba. Nikakaza. Kimya. Hata tone. Mchanga ulipokuja, ule mchanga ukazama ndani ya risasi na koki ikaendelea kuziba. Nilifurahi, nilipiga kelele peke yangu! Nikajiuliza lile swali la mzee Landelini: naweza kukiweka mdomoni? Nikajijibu, baba yangu anakiweka kila siku. Basi.

Mzee Landelini wakati huo alikuwa amekwishatangulia mbele ya haki. Sikuwa na wa kumwuliza, na kusema kweli nisingemwuliza. Nilikuwa na siri yangu na niliilinda. Mlabani yote wakaniita Fundi Havuji. Nikipita watoto wanaimba, "Havuji! Havuji!" Nilifunga zile washa kwenye nyumba nyingi, sikumbuki ngapi. Ya kwanza kabisa na ya mwisho kabisa nilizifunga jikoni kwangu. Mke wangu Yustina alinisifia mbele ya wanawake wenzake wa jumuiya. Mwanaume kusifiwa na mkewe mbele ya watu, mnajua wenyewe inavyokuwa.

Yustina alikuwa anaamka kabla jogoo hajawika, anaweka sufuria ya chai. Presha ilimsumbua kwa muda mrefu, kisha ikamchukua. Nilibaki na mjukuu wetu Tumaini, mtoto wa binti yangu Sesilia. Sesilia na mumewe wanafanya kazi Uchindile, huko kwenye mashamba ya miti, kambini, pasipo mahali pa mtoto mchanga, kwa hiyo Tumaini alikulia kwetu tangu anaanza kutambaa. Bibi yake alipofariki nilijifunza kukoroga uji mimi mwenyewe. Unaungua, unashika madonge, lakini mtoto anakula. Kila asubuhi nafungua koki yangu, yale maji ya kwanza nakinga kwenye sufuria, nakoroga. Tukikaa mlangoni wawili, yeye na kikombe chake cha plastiki, mimi na changu, nilikuwa sijihesabu mpweke.

Alichelewa kusema. Tukasema watoto hawafanani.

Halafu akaja binti mmoja anaitwa Nuru. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kukusanya maji ya kupima, amebeba boksi la chupa ndogo. Akaniambia, "Shikamoo babu. Naomba kesho asubuhi nije nichukue maji ya kwanza, kabla hujafungua koki."

Nikamwambia, "Mwanangu, umepotea njia. Hapa ni kwa Fundi Havuji. Kapime kwa wenye visima."

"Nitapima na kwao, babu. Lakini na hapa."

Alikuja, akachukua. Wiki zikapita nikasahau. Aliporudi hakuwa na boksi. Alikaa kwenye kiti, akakataa chai, akaniuliza, "Babu, ndani ya hii koki kuna nini?"

Nilijivuna, jamani. Naona aibu kusema, lakini nilijivuna. Nilifunga maji ya kiwanja, nikafungua koki mbele yake, nikamwekea ile washa kiganjani ili aone ujanja wa wazee. Aliiacha ikaanguka mezani.

"Babu, hii ni risasi."

"Ndiyo. Baba yangu alikuwa anaziweka mdomoni maisha yake yote."

Akaniuliza kwa upole, "Na baba yako aliishiaje?"

Hapo ndipo nilipokaa chini. Baba yangu miaka yake ya mwisho mikono ililegea kwenye viganja, ikaning'inia. Kikombe hakishiki. Tumbo linamkata, anajikunja. Tulisema ni uzee na baridi ya mto. Tulimfanyia dawa za mitishamba na sala, mama akawa anamlisha.

Nuru akanieleza. Risasi haina ladha, haina harufu, maji yanabaki meupe kabisa. Yakilala usiku ndani ya koki yanaila polepole, na anayekinga ya kwanza asubuhi ndiye anayeipata zaidi. Ukichemsha haitoki. Mtu mzima inamdhuru, hata presha inampandisha, lakini mtoto mdogo inamdhuru zaidi, kwenye damu na kwenye akili.

Tumaini alikuwa mlangoni anakunywa maji. Nilinyanyuka nikampokonya kikombe mkononi. Sikuwahi kumpokonya kitu yule mtoto. Alinitazama, akalia, na mimi nikamwaga yale maji nje. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi nilikuwa naye mlangoni, analia, hajui babu amekuwaje.

Sesilia alikuja kwa treni siku ya pili. Tulimpeleka mtoto hospitali, damu ikachukuliwa, ikapelekwa mbali kupimwa. Majibu yakaja kwamba risasi imo, imezidi. Daktari alisema tuondoe chanzo, mtoto ale vizuri, maziwa, mboga za majani, arudishwe kupimwa. Nilimwuliza kama ndiyo iliyomchelewesha kusema. Akasema hawezi kuapa kwamba ndiyo, wala hawezi kuapa kwamba siyo. Kuhusu presha ya Yustina sikumwuliza. Sijamwuliza hadi leo, na sitamwuliza, Mungu anisamehe.

Tukiwa tunatoka Sesilia aliniuliza, "Baba, ulijua?"

"Sikujua, mwanangu."

"Hukumwuliza mtu yeyote?"

Bora angenitukana. Akamfunga mtoto mgongoni ingawa alikuwa mkubwa tayari, miguu inaning'inia, wakaondoka na treni ya kurudi. Nikabaki stesheni nimeshika mfuko wa machungwa niliowanunulia nikasahau kuwapa.

Vijana, baada ya hapo nilifanya kazi ambayo hakuna aliyeniita kuifanya. Nilichukua spana yangu na mfuko wa washa za raba, nikaanza kupita nyumba hadi nyumba. Hodi. Karibu fundi. Naomba nifungue koki yenu. Kwa nini? Halafu unaeleza. Unaona uso wa mtu unabadilika taratibu, na anayebadilika ni jirani yako wa miaka yote. Mama mmoja alinifukuza. "Bomba langu halijawahi kuvuja, leo umezeeka unataka kulivujisha! Nenda kapumzike baba." Nilirudi kwake mara tatu. Mara ya nne alinifungulia, akasimama mbali na wanawe. Nilipomaliza hakuniaga.

Aliyenielewa upesi alikuwa mzee Masanja, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake, amejenga nje kidogo ya mji. Nilianza kumweleza, akanikatisha. "Betri? Umesema mlitoa kwenye betri? Fundi, ng'ombe wangu watatu walilamba betri iliyotupwa njiani. Walizunguka pale zizini kama vipofu, wanagonga miti, wakafa. Toa hicho kitu nyumbani kwangu." Nikatoa. Akaniletea maziwa kwenye kibuyu, akakaa nami mpaka nikamaliza kuyanywa. Namshukuru mpaka leo.

Nyumba nyingine nilikuta zimeuzwa, nyingine zimebomolewa, nyingine nimezisahau. Nikilala nazitafuta kichwani. Kuna moja yenye mlango wa kijani, nakumbuka mlango, sikumbuki mtaa. Kama yupo anayeijua anitafute pale kwenye benchi.

Jina la Havuji limekufa. Wengine sasa wananitania kwa jina jingine, nalisikia, sitalisema hapa. Wateja wa zamani wananisalimia wakipita, hawasimami. Nyumbani napika ugali wa mtu mmoja, na nyie mkija kwangu mtaona, nimezoea kukosea kipimo, unabaki kila siku. Redio naiwasha ili pawe na mtu anayesema. Siombi mnihurumie. Nataka mjue tu kwamba kosa la fundi haliishi siku anapofunga mfuko wake na kupokea asante.

Kwa hiyo sikieni. Msichague koki kwa kung'aa, rangi inaficha mengi. Shaba nyingi za bei rahisi nazo huchanganywa na risasi ili zikatike vizuri kiwandani, huwezi kuijua kwa macho, hata mimi siwezi. Mwulizeni mwenye duka kama ile koki imetengenezwa kwa maji ya kunywa, atafute alama, na kama hajui mwambieni akaulize anakonunua. Mkimkera, akereke. Pale mnapoweza tumieni valvu ya plastiki iliyoandikwa ni ya maji ya kunywa. Ile rangi nyekundu ya zamani ya kupaka kwenye nyuzi, mkiikuta kwenye stoo ya babu yenu, msiitumie, nayo ilikuwa na risasi. Tumieni utepe mweupe. Mwambieni kila mama mwenye nyumba: maji yaliyolala bombani usiku ayaache yatiririke kwanza, ayakinge kwenye ndoo ya kuoshea vyombo au kumwagilia mchicha, ndipo akinge ya kunywa. Na kama jambo hulijui, uliza. Uliza hata kama litakuondolea jina. Mimi sikuuliza kwa sababu nilipenda sana kusifiwa, hiyo ndiyo sababu, nimeitafuta nyingine sikuipata.

Nuru alirudi kupima kwangu baada ya kubadilisha kila kitu, koki, kiungo, mpaka kipande cha bomba. Maji yangu yalikuwa safi. Alinipa karatasi, nikaibandika ukutani jikoni pale mtu anapoingia. Nikampigia Sesilia kumweleza. Akasema, "Sawa baba. Vizuri." Akaniambia Tumaini anaendelea vizuri, vipimo vinashuka, sasa anasema maneno mengi, anauliza babu yuko wapi.

Pasaka hii walikuja. Nilifagia ua tangu alfajiri, nikanunua jagi jipya na vikombe vitatu vya kioo, nikavipanga mezani. Tumaini amerefuka. Alinisalimia, "Shikamoo babu," maneno yametoka yote, nikamwitikia marahaba mara mbili. Kisha akasema ana kiu, akakimbilia koki kama zamani.

Sesilia akamwita, "Tuma, njoo. Ya kwako haya hapa." Akainua dumu la maji la lita tano. Alikuwa amelibeba kutoka Uchindile, safari yote ile, kwenye treni, mtoto mkono mmoja na dumu mkono mwingine.

Ile karatasi ilikuwa ukutani juu ya kichwa chake. Aliiona. Mimi nilimwona akiiona, na sikumwonyesha.

Akammiminia mtoto kwenye kile kikombe kipya cha kioo. Halafu akasimama kidogo, akachukua kikombe cha pili, akamimina, akanipa. "Na wewe kunywa, baba. Ya chemchemi, mazuri."

Nilipokea kwa mikono miwili. Yalikuwa ya vuguvugu kwa safari. Nikanywa mpaka mwisho, nikamwambia asante mwanangu, matamu. Akaniuliza kama niongezewe.

Nikasema, niongeze.